Kuitikia Salamu Mbele ya Lango

Katika mtaa nilimozaliwa, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, mtu hapiti mbele ya mwenziwe akanyamaza, na aliyesalimiwa hamwachi msalimu akaenda zake bila jawabu. Kusalimu ni hiari yenye thawabu; kuitikia ni wajibu. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kusoma. Nayatanguliza kwa sababu pasipo hayo msomaji hataelewa jinsi mtu mzima, mwenye akili timamu, tena aliyechukuliwa na timu kuzuia mabao, alivyosimama wima mbele ya lango lake, mkono kifuani, akimtakia mshambuliaji rehema na baraka za Mungu huku mpira ukielekea wavuni.

Mtu huyo ni mimi. Siku hizi nafundisha, na katika wanafunzi wangu hakuna ajuaye kwamba niliwahi kucheza mpira isipokuwa wale wenye simu, ambao ni wote.

Ubeki niliupata vichochoroni. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba kiasi kwamba hamali mmoja na mkokoteni wake walikijaza chote, na sisi tuliochezea humo tulizijua tabia zake kama mtu anavyozijua tabia za mjomba wake. Mpira ukigonga ukingo wa baraza huinuka; ukigonga mlango wa mbao hufa hapo hapo; ukigonga ukuta uliopakwa chokaa juzi hurudi na weupe wake, na mwenye nyumba hutoka. Washambuliaji wetu walipenda kukimbia. Mimi niligundua mapema kwamba mtu akisimama vyema pale njia inapokatika, hana haja ya kukimbia hata kidogo: mpira utakuja wenyewe. Nilikuwa mrefu, mzito wa mwendo na mwepesi wa kukisia, na huo ndio ubeki, ingawa jina lake sikulijua bado.

Lakini kichochoro kilikuwa pia na sheria yake isiyoandikwa. Mtu mzima akipita, mchezo ulisimama. Aliyekuwa na mpira aliukanyaga, sote tukajibana ukutani, tukamwamkia mpita njia, naye akatuitikia na kutuuliza hali za wazazi wetu mmoja mmoja, na sisi tukajibu. Alipotoweka konani ndipo mpira uliendelea kutoka pale pale ulipokanyagwa. Sikumbuki hata mara moja mtu kufunga bao wakati mwenziwe yumo katika maamkuzi. Hilo lingekuwa jambo la aibu kuliko kuiba.

Jambo la pili nililipata chuoni, kwa maana ya madrasa. Ustadh wetu wa alasiri alikuwa kijana bado, mshambuliaji wa timu moja ya mjini, na alikuja kutusomesha akiwa na kanzu safi na mfuko wa plastiki ambao ndani yake tulijua vimo viatu vya mpira. Alikuwa mkali wa salamu. Akiingia na kusema "Asalaamu alaykum," tulitakiwa kuinuka, kuunganisha miguu, kuweka mkono wa kulia kifuani, na kuitikia jawabu zima bila kukata mwisho wake. Mwenye kuguna aliambiwa, "Usiitafune salamu, si mkate huo." Kisha tulingoja tumesimama mpaka yeye mwenyewe aseme, "Haya, kaeni." Miaka niliyokaa mbele ya ustadh huyo ilinipa herufi zangu, sarufi yangu ya mwanzo, na mwili uliokuwa ukijisimamisha wenyewe kila usikiapo sauti yake.

Nilipomaliza masomo ya juu nilipata nafasi katika timu ya kulipwa pale kisiwani. Nafasi, si kazi. Kocha, mtu wa Ganjoni aliyekuwa beki zamani na ambaye maamkuzi yake yote yalikuwa kipenga, alinieleza masharti tukiwa tumesimama: "Nakuchukua msimu huu kukutazama. Siku ya mwisho nitakwambia kama wewe ni mchezaji au ulikuwa mgeni wetu."

Nyumbani palikuwa na sharti jingine. Mjomba wangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na Makadara na alikuwa ameniwekea nafasi ndani yake. Mama, ambaye baada ya kufiwa na baba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, alisema kwa sauti yake ya taratibu, "Msimu mmoja, mwanangu. Ukipata, umepata. Ukikosa, duka." Duka sikulidharau. Lakini nilitaka kwa moyo wangu wote kulipwa kwa kile nilichofundishwa na kile kichochoro, na nilijua kwamba nikiingia nyuma ya ile meza ya kupimia vitambaa sitatoka tena.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliwaamkia wenzangu mmoja mmoja, nikapeana mkono na kila mtu, nikauliza hali za nyumbani, mpaka kocha akapuliza kipenga mara mbili. Tangu siku hiyo nikaitwa Maalim. Aliyelieneza jina hilo ni kipa wetu, kijana wa Buxton, Mkristo ambaye wazazi wake walishuka kutoka bara kwa kazi ya bandari. Ulimi wake haukupumzika. Kipa mwingine humwita beki wake kwa ishara. Yeye aliniita kwa hotuba.

Mechi za mwanzo zilinyooka. Uwanja mpana ulinitisha kidogo, kwa kuwa haukuwa na kuta, lakini baada ya muda niliona kwamba mistari nayo ni kuta kwa mwenye kuitazama hivyo. Kocha alianza kuniangalia bila kukunja uso. Kisha tukakutana na timu ya ustadh wangu.

Alikuwa amezeeka kimpira. Kasi ilimtoka, akabaki na hila, ambazo hukaa na mtu muda mrefu zaidi. Kipindi cha kwanza nilimkaba vizuri na hatukusemezana. Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, bila bao upande wowote, aliletewa mpira mbele ya lango letu. Nilikuwa mahali hasa paliponipasa, kati yake na lango, na hapakuwa na njia yoyote ya kunipita. Akaukanyaga mpira. Akaniangalia. Kwa sauti ile ile ya alasiri, akasema:

"Asalaamu alaykum, mwanangu."

Miguu yangu ikaungana. Mkono ukapanda kifuani.

"Wa alaykumu salaam," nikasema, "wa rahmatullahi wa barakatuh, ustadh."

Sikukata chochote. Kila herufi niliitoa mahali pake. Nilipofika kwenye neno la mwisho mpira ulikuwa umeshanipita na kutulia wavuni, na yeye, akirudi mbio kushangilia, aliniambia kwa upole wakati wa kunipita, "Haya, kaa."

Kipa alinijia akiwa na nyasi kichwani. "Maalim! Wafanyani?"

"Amenisalimu," nikamwambia.

"Si ungemwandikia barua kesho!"

Tulifungwa kwa bao hilo moja. Katika chumba cha kubadilishia nguo, kocha hakupaza sauti.

"Alikwambia nini yule?"

"Alinisalimu, kocha."

"Alikusalimu."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Nikamwitikia."

Akavua kipenga shingoni. "Nimefundisha mabeki waoga wa mpira," akasema, "na mabeki waoga wa mvua. Sijapata kuwa na beki aliyefungwa na adabu." Kipa alificha uso ndani ya taulo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. "Tutakutana nao tena mechi ya mwisho ya msimu. Tafuta dawa. Akikusalimu tena ukasimama, mimi na wewe tutaagana hapo hapo."

Kabla sijafika nyumbani, kipande cha video kilikuwa kimenitangulia. Katika mtaa wetu kiliangaliwa na watu wa kila rika, wakiwemo wale ambao husema simu ni fitina. Watu wakagawanyika. Kwenye benchi la muuza kahawa Makadara niliwasikia kwa masikio yangu. Mmoja alisema, "Kijana amefanya haki. Salamu ni deni." Mwingine akamjibu, "Na bao je? Lile nalo ni deni la nani?" Kisha wakaniona, wakanisalimu wote kwa pamoja, kwa makusudi, na mimi nikasimama nikawaitikia. "Bao!" akapiga kelele muuza kahawa. Baada ya hapo mchezo ukawa huo. Nikipita, nasalimiwa; nikisimama kuitikia, sauti moja kutoka dirishani au nyuma ya pipa la mbaazi husema, "Bao!" Bibi mmoja jirani yetu, ambaye sidhani aliwahi kuuona uwanja wa mpira, alilisema neno hilo vizuri kuliko wote.

Nilifanya nililozoea kufanya nikiwa na tatizo: nilikwenda vitabuni. Nilisoma milango ya adabu za salamu kwa utulivu, nikalinganisha maelezo, na nikafurahi sana na nilichokikuta. Jawabu latakiwa litolewe papo hapo na lisikike. Hapakuwa na neno hata moja juu ya miguu. Kusimama kulikuwa ni ada yetu ya kichochoroni na ya chuoni, ada nzuri, lakini si sharti. Nilifunga kitabu nikiwa nimepona.

Kesho yake nilimweleza kipa, mazoezi yalipokwisha na wengine wakiwa wameondoka. Akakubali kunijaribu. Akauweka mpira mguuni, akanijia, na aliponifikia akasema "Asalaamu alaykum" kwa matamshi safi kabisa, maana alikulia baina ya Waislamu na salamu aliijua kama tunavyoijua sisi. Nikasimama. Akanipita.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Basi miguu haikuhudhuria darasa."

Tulirudia mpaka jua likapungua ukali, na kila mara miguu yangu iliungana kama ya mwanafunzi. Nilianza kuliona duka la mjomba kwa uwazi mkubwa, hata harufu ya vitambaa vipya.

Dawa ilikuwa nyumbani, na kwa muda wote huo nilikuwa nikiipita. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe zenye vijitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ambayo mkono ukiteleza katika tundu moja, safu nzima huonekana imepinda. Alishonea ukumbini, juu ya mkeka, mlango umeachwa wazi kidogo ili upepo upite. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa karibu naye na kikombe cha chai na mahamri, sina la kufanya ila kuhuzunika, nikaanza kumsikiliza. Watu walipita nje mfululizo. Mwanamke anayekwenda sokoni, muuza samaki, jirani anayerudisha sahani ya watu, wote walitoa salamu kupitia ule mwanya wa mlango, na mama aliwaitikia wote, jawabu zima, kisha hali za watoto, kisha za mgonjwa kama yupo. Na sindano haikusimama.

"Mama," nikasema, "tangu asubuhi umesalimiwa na mtaa mzima."

"Alhamdulillah."

"Na hukukosea hata tundu moja."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwani n'kosee nini? Wao wanisalimu mimi, hawaisalimu sindano."

Nikasogea karibu zaidi. Nilikuwa nimedhani kwamba anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu husifiwa kwalo bila sababu. Sivyo ilivyokuwa. Alikuwa anafanya moja. "Wa alaykumu salaam," na sindano ikazama. "Wa rahmatullahi," na uzi ukavutwa. "Wa barakatuh," na fundo likakazwa. Jawabu la salamu lilikuwa ndicho kipimo cha mshono wake. Pasipokuwa na mpita njia, niligundua, mkono wake ulikwenda polepole zaidi.

"Wanitazamani hivyo?" akauliza. "Kunywa chai yako, yapoa."

Alasiri hiyo nikaanza upya. Beki anayekabiliwa na mshambuliaji hurudi nyuma kwa hatua fupi, ubavu ukiwa mbele, mpaka apate nafasi ya kuuchukua mpira. Nikaziunganisha hatua hizo na maneno. Neno la kwanza, mguu wa nyuma. Neno la pili, mguu wa mbele. Na kwenye neno la mwisho, pale mama anapokaza fundo, mguu unakwenda mpirani. Mara ya kwanza nilijikwaa nikaanguka. Mara za baadaye kipa ndiye aliyeanguka. "Sasa jawabu lina meno!" akasema, akiwa amekaa chini, amefurahi kuliko mimi.

Uwanja peke yake haukunitosha, kwa sababu ugonjwa haukupatikana uwanjani. Nikawa narudi nyumbani kinyumenyume. Kuanzia Makadara mpaka mlangoni kwetu, kila aliyenisalimu nilimwitikia nikirudi nyuma kwa hatua fupi, ubavu mbele, na mwisho wa jawabu natoa mguu kidogo. Muuza kahawa alisahau kusema "Bao." Bibi jirani alimwuliza mama kwa sauti ya chini kama nimechezewa na mashetani. Mama akamwambia, "La, yuwajifundisha kazi," akaendelea na kofia yake.

Siku ya mechi ya mwisho ilifika. Katika mambo ya msimamo wa ligi, timu yetu haikuwa na la kupata wala la kupoteza. Mwenye la kupoteza nilikuwa mimi: habari za duka la mjomba zilikuwa zimemfikia hata kocha, na wenzangu walizijua, kwa kuwa walinipa mkono mmoja mmoja kabla ya kuingia, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo. Kocha alinifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

Ustadh hakuharakisha. Alinichezesha kipindi cha kwanza chote bila neno, na nadhani alikuwa akijua kwamba kungoja kunanichosha kuliko kukimbia. Kisha, katika kipindi cha pili, akapata mpira upande wa kulia, akaingia nao ndani mpaka mbele ya lango, akaukanyaga. Nyuma yangu kipa, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza.

"Asalaamu alaykum, mwanangu."

"Wa alaykumu salaam," nikasema, na mguu ukarudi nyuma. "Wa rahmatullahi," na wa pili ukafuata. Nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameshapiga hatua ya kunipita upande ule ule alionipitia mechi ya kwanza, na upande huo sasa ulikuwa umefungwa. Lakini yule alikuwa mwalimu wa miaka mingi. Kabla sijamaliza, akavuta mpira nyuma na kuongeza, kwa sauti tamu kabisa:

"Mama hajambo?"

Hilo sikulifanyia mazoezi. Salamu za kwetu ni mnyororo, na mimi nilikuwa nimejifunza pete ya kwanza tu. Nilihisi kisigino kikitaka kukutana na mwenziwe. Hapo nikamwona mama mkekani, akimuuliza muuza samaki hali ya mkewe huku uzi ukipita tunduni.

"Hajambo, ustadh, akusalimu," nikasema, na kwenye "akusalimu" mguu ukaenda. Mpira ukawa wangu, safi, bila kumgusa mtu.

Ningeupiga mbali kama beki yeyote. Lakini nilikuwa sijamaliza adabu. Aliyeulizwa hali naye huuliza. Nikamgeukia, mpira uko mguuni, nikasema, "Na kwako, ustadh, watoto hawajambo?"

Naapa sikukusudia hila. Ila nilimwona mtu aliyenifundisha akiunganisha miguu yake. Mkono wake ukapanda kifuani.

"Hawajambo, alhamdulillah," akasema.

Nikaondoka na mpira. "Bao!" akapiga kelele kipa, ingawa lango la wapinzani lilikuwa mbali mno na mimi nilimpasia tu winga wetu, ambaye aliupoteza mara moja. Refa alikuwa amegeuza uso pembeni na kipenga kilikuwa kikitetemeka mdomoni mwake kwa kicheko.

Mechi ikaisha bila bao. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimwendea ustadh, nikasimama mbele yake kama inavyostahili, miguu pamoja, nikaupokea mkono wake na kuubusu. Nikangoja aniambie nikae. Badala yake akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nani kakufundisha vile?"

"Mama."

"Basi nimefungwa na mkubwa wangu," akasema. "Usikae. Mtu wako yuwaja."

Kocha alikuwa akija kutoka pembeni mwa uwanja, kipenga kikining'inia shingoni. Alisimama mbele yangu, akasafisha koo, akanyoosha mkono, jambo ambalo msimu mzima hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

"Hujambo, Maalim?"

"Sijambo, kocha."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie," akasema, "mjomba wako atafute mtu mwingine wa dukani."

Alikuwa ameshaondoka, ameshafika kwenye mstari wa pembeni, na mimi nilikuwa bado pale pale, miguu pamoja, mkono kifuani.